Historia: Namna mnyama wa kilo nne alivyolinda timu iliyoshinda dunia

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya barabara, bei ya unga na familia zinazotafutana. Leo nitawasimulia historia ya mchezo wa watoto. Msiondoke kwanza. Swali lililoleta habari hii niliulizwa na mtoto wa wahami wa vita, na niliona halifai kujibiwa haraka haraka.

Nyuma ya shule moja ambako familia zilizokimbia zinalala, nilikuta vijana wanne wamekaa chini. Walikuwa wamekata maboksi ya biskuti vipande vidogo, na juu ya kila kipande wamechora mnyama kwa biki: joka lenye mabawa, ndege wa moto, nyoka wa maji. Wanyama hao waliwajua kwenye katuni na kwenye simu, wakati walikuwa bado nyumbani kwao. Sasa simu haipo, lakini sheria za mchezo bado wanazo kichwani. Kila mmoja anachagua timu yake, wanapiganisha, wanahesabu kwa vijiwe.

Mdogo wao, labda wa miaka minane, alisimama pembeni na kadi moja tu. Alikuwa amechora kindi mweupe mwenye mkia mkubwa. Kaka yake alimwambia: "Huyo hana nguvu. Hatumtaki kwenye timu." Mdogo akanigeukia: "Papa, mnyama asiyejua kupiga anafaa kazi gani?"

Jibu lipo, tena lina mwaka, mji na jina la mshindi. Lakini ili tulielewe, inabidi kurudi mwanzo.

Mwanzo: kila mmoja alitaka kupiga

Mchezo wenyewe unaitwa Pokémon. Ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kwa matoleo mawili, Nyekundu na Kijani, kwenye mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo iliyoitwa Game Boy. Aliyeufikiria ni Satoshi Tajiri, mtu ambaye utotoni alipenda sana kukamata wadudu. Alitaka watoto wa mjini wapate furaha ile ile: kutafuta viumbe, kuwakusanya, na kubadilishana na rafiki kwa waya unaounganisha mashine mbili. Waya huo huo uliwawezesha kushindanisha timu zao.

Wanyama wa kwanza walikuwa 151, na aina zilikuwa 15. Maji yanazima moto, moto unaunguza majani, majani yanakunywa maji. Mtoto yeyote anaelewa. Lakini wachezaji waligundua upesi kwamba mzani haukuwa sawa. Wanyama wa aina ya akili, kama Alakazam na Mewtwo, waliwashinda karibu wote. Waliogopa wadudu, lakini mapigo ya wadudu yalikuwa dhaifu. Mizimu nayo ilitazamiwa kuwa adui yao, lakini ilipangwa vibaya ndani ya programu: hata ikiwalamba kwa ulimi, hawakuumia kabisa.

Basi watu wakaanza kutafuta mlinzi. Mmoja wa waliopatikana ni Chansey, mnyama wa waridi mnene anayebeba yai. Charizard, lile joka la moto ambalo watoto wote wanalipenda, lina uzima wa 78 katika hesabu ya msingi. Chansey ana 250. Mapigo ya akili, moto na umeme yalimchosha polepole sana, na kwa yai lake aliweza kujirudishia nusu ya uzima wake wote. Hata hivyo alikuwa na tundu: kinga yake ya mwili ilikuwa 5 tu. Mnyama wa ngumi na mateke aliingia na kumbomoa.

Hapo wachezaji walijifunza somo la kwanza. Hakuna mlinzi wa kila kitu. Mlinzi analinda dhidi ya kitu fulani, na lazima ukijue kwa jina kabla hujamchagua.

Ukuta wa watu wawili

Tarehe 21 Novemba 1999 Japani ilipokea matoleo ya Dhahabu na Fedha. Aina mbili ziliongezwa, giza na chuma, na mapigo ya akili hayamgusi mnyama wa giza hata kidogo. Utawala wa akili ukapungua. Pamoja nazo walikuja walinzi wawili ambao majina yao wachezaji wa zamani bado wanayataja pamoja: Skarmory na Blissey.

Skarmory ni ndege wa chuma. Kinga yake ya mwili ni 140. Ngumi, meno na kucha havimfanyi kitu kikubwa, na kwa kuwa anaruka, tetemeko la ardhi linapita chini yake. Anaogopa vitu viwili tu, moto na umeme. Blissey ni Chansey aliyekua, mwenye uzima wa 255. Yeye moto na umeme anavivumilia vizuri, lakini ngumi inamuua.

Angalieni sasa. Adui akileta ngumi, unamrudisha Blissey na kumweka Skarmory. Adui akibadilisha na kuleta umeme, unamrudisha Skarmory na kumweka Blissey. Kila mmoja anasimama mahali mwenzake hawezi kusimama. Tena Skarmory alijua kuwapeperusha wanyama wa adui kwa upepo wa mabawa, ili kila anayeingia akanyage misumari iliyomwagwa chini upande wao. Wapiganaji wakubwa walikuwa wanachoka bila kuona wamepigwa na nani.

Ukuta huo ulionekana hauna mlango. Lakini tarehe 21 Novemba 2002 yalitoka matoleo ya Rubi na Safaya, na Magneton, mnyama wa sumaku, akapewa uwezo wa kunasa wanyama wa chuma. Skarmory akikutana naye, hawezi tena kuondoka. Anashikwa pale pale na kupigwa umeme. Blissey yuko nyuma, mzima, lakini hawezi kuingia kumsaidia mwenzake. Na Skarmory akishaanguka, Blissey anabaki peke yake mbele ya ngumi.

Somo la pili likaandikwa hapo. Nguvu ya ukuta ule haikuwa katika chuma wala katika uzima mwingi. Ilikuwa katika njia iliyo wazi kati ya mmoja na mwenzake. Adui mwenye akili hapigi ukuta, anafunga njia.

Mbinu ya kujiitia adui

Matoleo hayo ya 2002 yalileta pia kitu kingine: pambano la wawili kwa wawili. Kila upande unaweka wanyama wawili uwanjani kwa wakati mmoja. Hii ndiyo njia iliyotumika katika mashindano ya dunia ya mchezo huu, yaliyoanza mwaka 2009 huko San Diego, Marekani. Mchezaji anakuja na wanyama sita, anamwonyesha mpinzani wote sita, kisha kila mmoja anachagua wanne kwa siri. Wote wanahesabiwa kuwa wa kiwango cha 50, mkubwa na mdogo sawa. Mmarekani Ray Rizzo alishinda mara tatu mfululizo, 2010, 2011 na 2012.

Katika pambano la wawili kwa wawili, ukuta wa zamani haufai sana. Ukikaa tu kusubiri, maadui wawili wanampiga mmoja wako kwa pamoja na anaanguka kabla hujamrudisha. Hapo ulinzi ukabadilika. Kulikuwa na mbinu iitwayo Follow Me, maana yake "nifuateni mimi". Anayeitumia anawaita maadui: pigo lolote lililokusudiwa kwa mwenzake linageuka na kumjia yeye. Mapigo yanayoenea kwa wote, kama tetemeko la ardhi na mawe yanayoporomoka, hayageuki. Lakini pigo la mmoja kwa mmoja, hata liwe kubwa namna gani, linamfuata aliyeita.

Swali likawa: nani apewe kazi hiyo?

Washington, Agosti 2014

Mwezi wa Oktoba 2013 yalitoka matoleo ya X na Y, na mwezi wa Agosti 2014 wachezaji walikutana Washington kwa mashindano ya dunia. Mwaka huo watu wengi walikuwa na Kangaskhan, mama anayebeba mtoto mfukoni na ambaye, akigeuka kuwa mkubwa zaidi, anapiga mara mbili kwa zamu moja. Wengi walikuwa na majoka pia: Garchomp, Salamence, Hydreigon. Na umeme ulikuwa kila mahali.

Kijana wa Korea Kusini, Se Jun Park, alikuja bila Kangaskhan. Timu yake ilikuwa Gyarados, Garchomp, Talonflame, Gardevoir, Gothitelle, na wa sita alikuwa Pachirisu.

Pachirisu ni kindi wa umeme. Urefu wake ni sentimeta 40, uzito kilo 3.9. Ukijumlisha nguvu zake zote za msingi unapata 405, wakati Garchomp ana 600. Kwa miaka minane tangu aonekane, mwaka 2006, watu walimwona kama pambo. Na sasa alikuwa mezani mbele ya wachezaji bora wa dunia.

Tumtazame kama vile fundi anavyotazama kifaa, hatua kwa hatua.

Kwanza, hatari. Gyarados ni mnyama wa maji anayeruka, na umeme humpiga mara nne. Ukitaka Gyarados aishi na kufanya kazi yake, lazima umpate mtu wa kuuzuia umeme. Pachirisu anayo ngozi inayokunywa umeme: akipigwa nao haumii, bali anapona robo ya uzima wake. Kwa hiyo mpinzani akitaka kumpiga Gyarados kwa umeme, Pachirisu anaita "nifuateni", umeme unamjia, naye anashukuru.

Pili, kwa nini si mwingine. Wengi walimtumia Amoonguss, mnyama wa uyoga, ambaye huwavuta maadui kwa unga wake. Lakini kuanzia 2013 unga haukuwagusa tena wanyama wa majani, kwa hiyo hao walimpita wakaenda kumpiga mwenzake. Wito wa Pachirisu si unga. Unawavuta hata wa majani. Tena kuanzia mwaka huo huo wanyama wa umeme hawawezi kupoozwa.

Tatu, mwili. Katika mchezo huu kila mnyama anapewa nguvu za ziada, na mwenyewe ndiye anayechagua aziweke wapi. Pachirisu aliyejazwa uzima hadi mwisho anafika 167 kwenye kiwango cha 50. Tufanye hesabu. Hydreigon, joka lenye vichwa vitatu, akiwa na nguvu zake zote za pigo lakini bila kifaa cha kumwongezea, akiangusha vimondo vyake vya joka juu ya Pachirisu, anamwondolea 153 kwa wingi. Kindi anabaki na 14. Kisha anakula tunda alilolibeba na kupata tena 41. Na joka je? Vimondo vile vinamgharimu: baada ya kuvirusha, nguvu yake ya pigo hilo inashuka hadi nusu. Ametumia silaha yake kubwa kuliko zote kwa mnyama mdogo kuliko wote, mnyama hakuanguka, na yule aliyetaka kumpiga hana hata mkwaruzo.

Nne, kazi ya kufanya. Mlinzi ambaye hafanyi kitu, adui anampuuza. Pachirisu wa Park alijua kusugua shavu lake kwa adui na kumpooza, ili hata Kangaskhan atembee polepole. Alijua pia kuuma kwa jino linalokata nusu ya uzima uliobaki, haidhuru adui ni mkubwa kiasi gani. Kwa pigo hilo nguvu ya mpigaji haihesabiwi. Jitu lenye uzima mwingi linapoteza nusu sawa na dogo. Na akiona hatari, alijua kujikinga kwa zamu moja.

Tano, tundu. Park alilijua tundu la mlinzi wake. Pachirisu anaogopa ardhi, na tetemeko halisikii wito wa mtu. Lakini Gyarados akiingia uwanjani, sura yake peke yake inawatisha maadui na kupunguza nguvu ya ngumi zao, tetemeko likiwemo. Talonflame anaruka, tetemeko halimpati. Gardevoir hapati madhara ya mapigo ya joka kabisa. Yaani kindi alikuwa anawalinda, nao walikuwa wanamlinda.

Watazamaji walishangilia kila Pachirisu alipovumilia pigo na kubaki amesimama. Park alishinda fainali na kuwa bingwa wa dunia. Baadaye wenye mchezo waliwagawia wachezaji Pachirisu aliyetengenezwa kwa mfano wa yule wake.

Lakini kuchukua Pachirisu peke yake si kuchukua mpango wa Park. Mweke kwenye timu isiyoogopa umeme, au pembeni ya wenzake wanaoanguka wote kwa tetemeko moja, utaona amerudi kuwa pambo. Hakuwa mnyama mwenye nguvu aliyejificha. Alikuwa mnyama mdogo ambaye mtu mmoja alimtazama vizuri, akajua anafaa kwa nani na dhidi ya nini.

Sisi tunaopenda mpira tunaelewa. Mwezi wa Desemba 2010, TP Mazembe ya Lubumbashi ilipofika fainali ya klabu bingwa ya dunia huko Abu Dhabi, wafungaji walisifiwa, lakini mtu ambaye watoto walimwiga barabarani alikuwa kipa, Muteba Kidiaba, akiruka kwa makalio.

Neno la mama

Nilikuwa nawasimulia vijana habari hii na wote walinyamaza kusikiliza. Mdogo alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. Nilipofika pale kindi anapowaita maadui wampige yeye, mama yao, aliyekuwa anachambua maharage karibu nasi, akaacha kazi yake.

"Papa," akaniambia, "usiwafundishe watoto wangu kwamba mdogo ndiye anayesimama mbele. Tumekwisha kuona vijana wadogo wakiwekwa mbele."

Sikuwa na la kujibu mara moja. Maneno yake ni ya kweli, na hapa kwetu kila mmoja anajua maana yake. Mchezo ni mchezo. Mnyama akishindwa anazimia, anapelekwa kutibiwa, na kesho anacheza tena. Mtoto hana uzima wa kuhesabiwa kwa vijiwe. Hakuna mkubwa mwenye haki ya kumtuma mtoto aite risasi zimfuate yeye ili wengine wapone, na anayefanya hivyo asichukue historia ya mchezo kuwa kisingizio.

Nilimwambia hivyo, na nikamwambia pia kwamba somo ninaloliona mimi liko upande wa mwenye timu. Park hakumtupa mdogo mbele na kumwacha. Alimjaza uzima kabla ya yote, akampa tunda la kula, akamfundisha kujikinga, akamtafutia wenzake wanaofunika tundu lake. Asiyefanya hayo hajenge ulinzi. Anamtoa mtu sadaka.

Mama alifikiri kidogo. "Basi waambie hilo kwanza," akasema, "na mapigano baadaye." Akarudi kwenye maharage yake.

Nikawaambia. Kaka mkubwa alibaki anaangalia kadi za timu yake, akizipanga na kuzipangua. Alikuwa na nyoka wa maji, mwenye mabawa madogo aliyochora kwa shida. Mpinzani wake alikuwa na panya wa umeme. Akahesabu vijiwe mara mbili, akakuna kichwa, kisha bila kumtazama mdogo wake akanyoosha mkono.

"Lete huyo kindi wako," akasema. "Lakini kwanza tumpe vijiwe vya kutosha."